Kikombe Mgongoni mwa Kaniki

Umewahi kumwona ng'ombe mnene akifa njaa, na hori limejaa mbele yake?

Mimi nimemwona. Alikuwa mweusi tii kuanzia pembe hadi kwato, ndiyo maana tulimwita Kaniki. Siku ya tisa tangu azae alisimama katika banda la Syabumi, pua juu ya majani ya gwatemala niliyoyakata kwa mkono wangu asubuhi ile na kuyakatakata vipande vya urefu wa kidole, na hakuonja hata kimoja. Alikuwa anayatazama tu. Nilimwekea na chumvi pembeni, kwenye jiwe lake. Chumvi nayo akaiacha. Umande ukakauka juu ya majani, ncha zikaanza kujikunja, naye yuko palepale.

Ukimtazama kwa mbali ungesema huyu ana shibe. Mbavu hazikuonekana. Nyonga zilikuwa bado za mviringo. Ila ngozi ya shingo ilikuwa imelegea kama shati la kuazima, na kinyesi chake kilikuwa kidogo, kikavu, kimevaa utando unaong'aa. Nikasogea mpaka usoni pake, nikanusa.

"Ananuka nini, Bibi?" Syabumi akauliza. Alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, hajafunga kanga vizuri, macho mekundu.

"Ndizi," nikasema. "Zile zilizoachwa darini mpaka zikatoa maji."

"Si harufu nzuri hiyo?"

"Ikitoka kwenye ndizi."

Nyuma ya Kaniki mashine ya kukamua ilikuwa inavuma, na maziwa yalikuwa yanakuja. Hilo ndilo lilinitisha. Ng'ombe wa zamani, wale wa ujana wangu, akikosa chakula maziwa yanapungua. Mwili unajua kujihurumia. Kaniki hakuachiwa ruhusa hiyo. Chini ya ngozi, juu ya kiwele, alikuwa na kufuli, kitu kidogo kama punje ya maharage. Kufuli likifunguliwa, maziwa yanatoka ale asile. Asipokula yanatoka mgongoni mwake, kwenye mafuta aliyoyaweka, na mafuta hayo yote lazima yapite kwenye ini kwanza. Yakiwa mengi, ini linajaa, linageuka rangi ya siagi. Linashindwa. Ng'ombe anachukia chakula, na kadiri anavyochukia chakula ndivyo anavyozidi kujila.

Ufunguo hatukuwa nao sisi. Ulikuwa kwa Karani.

Karani alikaa juu ya nguzo ya banda: jicho moja dogo kama la kuku, tundu la sauti, na kibao cha namba. Jina lake la serikali ni refu mno, mimi niliyeishia darasa la saba siliwezi. Kila banda la ng'ombe wa dawa lina Karani. Kazi yake ni kuuliza na kuandika anachojibiwa, porojo za banda hazimhusu. Gwandumi, bwana mifugo wetu, alikuwa akisema Karani hajaoa, angekuwa na mke angejua kuna maswali mtu hulazwa nje kwa kuyauliza.

"Lita kumi na saba," Karani akasema. "Kiwango cha hatari: sabini na nane kwa mia. Chanzo kinatafutwa."

Syabumi akachota kikombe kimoja kabla povu halijatulia, akaniacha pale, akakimbilia ndani. Nikamfuata taratibu na magoti yangu haya.

Ipyana, binti yake, ana miaka sita. Alikuwa ameketi kitandani amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Alipotoa mikono kupokea, niliziona kucha zake. Asubuhi kabla ya kunywa huwa za bluu kama wino. Watoto wa namna yake tunao wengi siku hizi. Damu yao haishiki hewa, na kinachoisaidia kushika ni maziwa ya ng'ombe hawa tu, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Ndoo nzima hutoa vikombe vitano tu vya dawa, vile vya juu vyenye povu. Maziwa hayo hayakaushwi. Hayalali. Yakilala, dawa yake inakufa, unabaki na maziwa ya chai.

"Bibi Tusa," akaniambia, mdomo una povu, "Kaniki ameamka vizuri?"

"Ameamka."

"Amekula?"

"Kunywa kwanza, mama."

Akanywa. Kikombe kilikuwa cha bati la maua mekundu, kimebanduka rangi ukingoni upande wa mshikio. Nilijitahidi kutokiangalia.

*

Kikombe kile lazima nikueleze.

Kwetu huku juu ya Tukuyu ng'ombe hakai nyumba moja. Anakamuliwa kwenye nyumba yenye zamu, akikaribia kuzaa tena anakaushwa na kupelekwa kwa mlezi, apumzike siku arobaini na tano. Mlezi wa shina letu ni mimi. Baada ya hapo anakwenda nyumba inayofuata, anazaa huko, anakamuliwa huko, na watoto watano wa shina wanakunywa. Miezi hiyo miwili, tangu akaushwe hadi azae, watoto wake wanaishi kwa nusu kikombe, wakigawiwa na mashina mengine. Ni kipindi kigumu. Tunahesabu siku.

Siku ya kumtoa kwa mlezi, wanawake wanakusanyika. Ng'ombe anaogeshwa, pembe zinapakwa mafuta. Kabla hajavuka geti, mkubwa wa shina anamimina chai ya moto katika kikombe hadi ukingoni, anakiweka mgongoni, pale panapotanuka karibu na mkia. Ng'ombe anatembezwa hatua saba. Mgongo ukiwa mpana na umejaa, kikombe kinasimama, na vigelegele vinafika barabarani. Ukiwa na mfupa, kinateleza, na aliyemlea anapata jina. Kikombe kinaondoka na ng'ombe kwenda nyumba mpya. Desturi hii ni ya zamani kuliko ng'ombe wa dawa. Waliotuletea kufuli na Karani waliona ni mbwembwe za wanawake, hawakuiandika popote.

Jina langu lilikuwa Mama Chai.

Miaka thelathini na moja. Ng'ombe wa kwanza niliyemlea alikuwa mzima kabisa, mgongo wa kawaida, anakula, anacheua, na kikombe kilianguka hatua ya pili. Wenzangu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama mkwe wangu hakucheka. Aliokota kikombe, akakifuta kwa pindo la kanga, akaniambia, "Tusajigwe, mkono wako mwembamba." Akaenda zake. Tangu siku hiyo nikipita kisimani, "Mama Chai, leo umemwaga wapi?" Nikipeleka mahari ya mwanangu, "Jamani mshikieni Mama Chai kikombe." Nilicheka nao. Ukicheka nao inaisha haraka. Kila ng'ombe aliyetoka kwangu alizaa salama, na kila kikombe kilianguka, hatua ya nne, ya tano, mara moja ya sita.

Mwaka huu shina lilikaa kikao wakasema magoti yangu yamechoka, ulezi uende kwa mwingine. Kaniki atakuwa wa mwisho. Wakanishukuru vizuri, wakanipa na shuka.

Basi Kaniki alipofika, Karani wa banda langu akaanza maswali yake ya kila Jumatatu. Nami nilimjibu nikiwa nimeketi kwenye kigoda, namenya viazi.

"Mzao wa ngapi?"

"Wa nne."

"Amewahi kuanguka baada ya kuzaa?"

"Yeye hapana. Mama yake aliwahi, mara moja."

"Mimba ni ya pacha?"

"Gwandumi amepima. Mmoja."

"Amebadilishiwa majani?"

"Kidogo kidogo, siku kumi, kama ulivyosema."

"Pumba kiasi gani kwa siku?"

Hapo nikatoa jicho la kiazi kwa ncha ya kisu. "Kibaba kimoja," nikasema.

Nilikuwa nampa nusu debe.

Usidhani ni rahisi kumdanganya Karani. Tumboni mwa kila ng'ombe kuna kidonge, kizito kama betri ya tochi, alimezeshwa akiwa ndama. Kidonge kinahisi joto na uchachu, kinapeleka habari nguzoni. Ukimmwagia ng'ombe pumba kwa mkupuo, uchachu unapanda, Karani anajua. Lakini kidonge kinahisi tu, hakina macho. Mimi niligawa nusu debe mara sita, kila sehemu nikaichanganya na mgomba uliokatwakatwa mwembamba wenye maji mengi, alfajiri, saa mbili, saa tano, mchana, alasiri, magharibi. Uchachu haukuruka hata siku moja. Na kwa ajili ya lile jicho la nguzoni, linalotazama mgongo wa ng'ombe aliye mapumzikoni na kuupa alama, nilimfunika Kaniki blanketi. Ukungu wetu unajulikana. Nani angehoji blanketi?

"Mgongo hauonekani," Karani aliniambia mara mbili.

"Ana baridi," nikamjibu. "Wewe huna ngozi, hujui."

Na alinenepa. Jamani alinenepa! Nikipitisha kiganja juu ya mkia wake kilizama. Nilijua ninachofanya? Nilijua kidogo. Wazee wetu walisema ng'ombe mnene anazaa kwa shida, lakini walisema pia mwembamba ni aibu, na aibu ndiyo niliyokuwa nimeishi nayo. Nilijiambia wiki mbili kwa Syabumi zitampunguza.

Siku ya kumtoa, kikombe kilisimama. Hatua saba. Wakamtembeza ya nane, ya tisa, kwa kufurahi tu, na chai haikuvuka ukingo. Syabumi ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote. Hakuna aliyeniita Mama Chai siku ile. Nililala mchana kama mtoto.

*

Kaniki alizaa ndama dume, mzuri, na kesho yake akaanguka. Masikio ya baridi, shingo imejikunja kwenye ubavu. Karani akasema ni homa ya maziwa, kalsiamu imekimbilia kiweleni ghafla, damu imebaki bila. Gwandumi akamtundikia chupa shingoni, akaimimina polepole huku amemwekea sikio kwenye moyo. Chupa haijaisha Kaniki akacheua. Ilipoisha akasimama. Sote tukapiga makofi.

"Je, kuna la kuongeza katika historia ya mapumziko?" Karani akauliza.

Syabumi alikuwa bega kwa bega nami, kikombe cha maua mkononi, maziwa ya kwanza kabisa ya kikombe kizima baada ya miezi miwili. Alikuwa anacheka peke yake.

"Hakuna," nikasema.

Siku ya tatu akauliza tena. Hakuna. Ya nne, Kaniki akaacha pumba, akala majani tu. Hakuna. Ya tano akala nusu ya majani. Ya sita, ya saba, ya nane. Karani hakasiriki na hachoki, anauliza kwa sauti ileile, na mimi nilimjibu kwa sauti ileile. Kwa kuwa historia ilikuwa safi, aliendelea kumwongezea kalsiamu, na kufuli akaliacha wazi kabisa. Ng'ombe ambaye ini lake linazama, tulikuwa tunamtibu mifupa.

*

Gwandumi alifika siku ile ya tisa saa nne, buti zimejaa tope, begi begani.

"Bibi Tusa, nimepanda mlima wenu huu mpaka nimesahau nilichofuata," akasema. Hakuna aliyecheka. Akamtazama Kaniki, naye akaacha kutabasamu.

Akaanza kumpima. Akagonga ubavu wa kushoto kwa kidole huku anasikiliza kwa kifaa chake, kuona kama tumbo la nne limehama, halikuhama. Akamsugua chini ya mkia mpaka akakojoa, akachovya kipande cha karatasi. Karatasi ilikuwa ya rangi ya kahawia hafifu. Tukahesabu wote kimoyomoyo. Ikageuka zambarau, kisha zambarau nzito, kama kitambaa cha kanisani wakati wa Kwaresima.

"Anajichoma mwenyewe," Gwandumi akasema. "Na ana mafuta mengi ya kuchoma." Akashika mzizi wa mkia, akaminya kwa vidole viwili, akaminya tena. Kisha akaniangalia. "Huyu hakunenepa kwa kibaba kimoja."

Nikainama kuokota jani.

"Mpe dawa basi," Syabumi akasema. "Ile tamu ya kunywesha."

"Mimi siku hizi ni miguu ya Karani tu, dada. Yeye ndiye anayefungua sanduku la dawa. Na historia anayo safi." Akamgeukia mwenye nguzo. "Karani, karatasi zambarau nzito."

Kibao kikawaka. Karani akasema:

"Historia haielezi hali hii. Mapumziko na chakula vilikuwa sawa, na mgongo hauna alama mbaya. Chanzo kinachobaki ni ukoo. Ukoo wa Kaniki una ng'ombe kumi na wawili katika kata hii. Kwa usalama, makufuli ya ng'ombe kumi na mmoja yatafungwa leo saa saba mchana kwa uchunguzi wa siku arobaini. Kaniki ataachwa wazi hadi mwisho, kwa ajili ya vipimo. Nyumba hii italetewa ng'ombe wa badala kutoka Njombe baada ya siku tatu."

Nikahesabu kwa vidole. Ng'ombe kumi na mmoja ni watoto hamsini na watano.

"Siku arobaini?" Gwandumi akasema. "Hakuna mtoto anayemaliza siku kumi bila kikombe."

"Ng'ombe wa badala ni mmoja tu," Karani akajibu.

Gwandumi akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Akanisogelea. Alizungumza chini, lakini Syabumi alikuwa karibu, alisikia yote.

"Bibi, sikuulizi kitu. Nakuambia tu sheria ilivyo. Chanzo kikiwa ukoo, wanafunga ukoo, na nyumba hii inapata ng'ombe mwingine. Chanzo kikiwa mkono wa mtu, ukoo unaachwa. Lakini hapo kufuli la Kaniki linafungwa dakika hiyohiyo, apumzike, na shina hili halipewi wa badala. Linasubiri foleni. Watoto wanne wengine wana nguvu, watakaa kwa nusu kikombe. Ipyana, baada ya miezi miwili ya nusu kikombe..." Hakumalizia. Akaenda nje kuosha buti ambazo angezichafua tena.

Tukabaki wawili na ng'ombe.

"Nilijua," Syabumi akasema.

"Ulijua nini, mwanangu?"

"Kikombe kilipopita hatua ya tisa. Mimi nimekulia bandani, Bibi. Mgongo ule haukuwa wa mapumziko, ulikuwa wa bucha. Nilijua, nikapiga vigelegele." Akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, kama mtu anayeomba maji. "Basi nyamaza. Umenyamaza siku saba, nyamaza hii moja. Kaniki atasukuma siku tatu, nitamlisha kwa kijiko, nitamtafunia. Siku tatu, halafu wa Njombe anafika. Bibi, ni mtoto mmoja nilonaye."

"Na wale wengine?"

"Wale wana mama zao!" Akaziba mdomo wake kwa kanga mara alipolisema. Lakini hakulirudisha.

Nilimtazama Kaniki. Alikuwa amegeuza kichwa ananitazama kwa lile jicho lake kubwa, halina lawama, halina kitu. Nilimlea kwa mkono mnene.

Ilipobaki robo saa kufika saa saba, Karani akaanza kusoma majina. Nadhani ndiyo taratibu, kila mtoto anayefungiwa lazima asomwe katika mabanda yote, wenye watoto wasikie. Alisoma polepole kama mwalimu anayeita rejista.

"Shina la pili. Andongwisye. Lwitiko. Nsubile, pacha. Nsubisye, pacha. Bahati."

Pacha hao niliwapokea mimi, mvua inapiga bati, mmoja alitoka miguu kwanza.

"Shina la tatu. Ezekia. Tumpe. Ambindwile..."

Tumpe ana pengo. Aliniletea jino lake nimtupie juu ya paa.

"Usiseme," Syabumi akaninong'oneza. "Bibi, usiseme, nakuomba, nitakuwa mtoto wako, nitakutekea maji mpaka ufe."

"Shina la nne. Tusajigwe."

Ni jina langu. Waliniazima jina, wakampa binti yao wa mwaka juzi.

"Karani," nikasema. "Nina la kuongeza."

Sauti ikakoma.

"Nilimpa nusu debe la pumba kila siku, siku arobaini na tano. Nikalichanganya na mgomba kidonge kisijue. Blanketi nilimfunika wewe usione mgongo. Ukoo hauna kosa. Andika hivyo."

Kibao kikazimika, kikawaka. Syabumi aliuachia mkono wangu kidole kimoja kimoja.

"Imeandikwa," Karani akasema. "Kufunga ukoo kumesitishwa. Chanzo ni kunenepeshwa wakati wa mapumziko. Kufuli la Kaniki limefungwa. Sanduku la dawa limefunguliwa." Kisha, kwa sauti ileile ya kuulizia mizao na pacha: "Taarifa hii ingetolewa siku ya pili, uwezekano wa kupona ungekuwa tisini kwa mia. Sasa ni kumi na moja."

Mashine ya kukamua, ambayo huvuma kutwa kufuli likiwa wazi, ikazima yenyewe. Sikuwa nimewahi kugundua jinsi banda lile lilivyo kimya bila mvumo wake. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye bati. Mahali fulani bondeni mwanamke akapiga yowe la furaha, na mwingine akaitikia kwa mbali, na mwingine, banda hadi banda. Walikuwa wamesikia kuwa vikombe vyao vimerudi. Hawakujua bado vimetoka wapi.

Gwandumi akaingia mbio, akachukua chupa ya dawa tamu sandukuni, akamnyanyua Kaniki taya na kummiminia mdomoni. Nyingi ilimwagika. Kaniki hakumeza. Ilikuwa inashuka kidevuni kama udenda, inanata kwenye majani niliyomkatia. Baada ya kitambo miguu ya mbele ikapiga magoti, kisha ya nyuma ikashuka, na akalala kwa utulivu kabisa, kama ng'ombe aliyeshiba.

"Sababu," Karani akasema. "Fomu ina nafasi ya sababu."

Nikampangusa Kaniki kidevu kwa pindo la kanga. 

Syabumi alikuwa ameingia ndani. Nikajua haji tena. Lakini alitoka, na mkononi alikuwa na kile kikombe cha maua. Chini kabisa kilikuwa na maziwa, vidole viwili, ambayo Ipyana hakuyamaliza asubuhi. Alikishika kwa viganja vyote viwili, akakiinamisha kidogo, akayatazama yanavyokusanyika pembeni. Mpaka jioni bado yangekuwa dawa. Kesho asubuhi yasingekuwa.

Alichuchumaa mbele yangu. Hakulia, wala hakunitukana, na afadhali angenitukana.

"Niambie mimi basi," akasema. "Karani mwache. Ng'ombe alikuwa mzima. Mtoto alikuwa anasubiri. Wewe mtu mzima, umelea ng'ombe kabla mimi sijazaliwa. Ulikuwa unataka nini, Bibi?"

Ndani Ipyana akakohoa, akaita jina la Kaniki, akauliza kama amekula.

"Nilitaka kisianguke," nikasema. "Kikombe. Mara moja tu kisianguke, na mtu aniite jina langu."